Wahariri Wanafunzi Waanzie Lukozi

Daktari akihitimu haachiwi wodi peke yake. Hukaa kwanza mwaka mzima hospitalini chini ya macho ya waliomtangulia. Mhandisi ana mpango wa SEAP, ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003, unaomweka miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa. Mwanasheria anayetaka kuwa wakili hupitia mafunzo ya sheria kwa vitendo hata kama alitoka chuoni na alama za juu. Kwa hao wote tumekubali kwamba kujua ni kitu kimoja na kuweza ni kingine. Aliyesahauliwa ni yule anayeandika karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, maelekezo ya bomba la kunyunyizia, fomu ya mkopo wa pembejeo au tangazo la chanjo ya mifugo. Kosa lake nalo linaweza kuua, ila haliitwi kosa lake. Husemwa kwamba mkulima hakusoma.

Wanafunzi wa Kiswahili, mawasiliano na uchapishaji huenda fildi kama wenzao. Julai ikifika husambaa kwenye magazeti, redio, nyumba za vitabu na ofisi za uhusiano, na kwa wiki nane hivi hujaza daftari la kila siku, hutoa fotokopi, husoma prufu, huhudhuria vikao wasivyopewa nafasi ya kusema. Wenye bahati hukutana na mhariri mwenye subira anayewafundisha kukata sentensi. Hayo sikuyadharau hata siku moja. Prufu ni shule. Ila karibu wote hufanya kazi kwenye maandishi yanayosomwa ili mtu ajue au aburudike. Maandishi yanayosomwa ili mtu atende, tena atende sasa hivi akiwa na kitu mkononi, hayamo katika fildi zao. Na hata yanapokuwamo, mwanafunzi huyasahihisha mezani, mbali na mkono utakaoyafuata. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huu umeanza mwisho. Mwanafunzi anayejifunza kuandika na kuhariri maandishi ya kitaalamu apelekwe kwanza mahali maelekezo yanapotumiwa, akae huko wiki za kutosha, ndipo aletwe ofisini. Katika Tanzania sijui mahali panapofaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko masoko ya mboga ya milima ya Usambara, na kati ya hayo naitaja Lukozi.

Lukozi ni kata ya wilaya ya Lushoto, juu ya Magamba, katika njia ya kwendea Mtae. Ni nchi ya baridi, ukungu na mboga: viazi mviringo, kabichi, karoti, njegere, hoho, maharage. Mazao hushuka kwa malori hadi Mombo, yakaingia barabara kuu kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Mashamba ni madogo, yamening'inia kwenye miteremko, na mtu mmoja huweza kuwa na vipande vinne mahali pane tofauti. Unyevu uleule unaonenepesha kiazi ndio unaostawisha baka chelewa, ugonjwa unaoweza kulaza shamba zima ndani ya siku chache mvua zikikazana. Kwenye nyanya yupo kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014. Kwa hiyo mkulima wa huku hununua dawa mara kwa mara, na kila anaponunua hupewa maandishi. Tuchukue lebo ya mfano, ya kawaida kabisa, inayosema: tumia kilo 2.5 kwa hekta katika lita 500 hadi 1,000 za maji. Kwa mtaalamu sentensi hiyo haina doa. Sasa mpe mtu mwenye robo ekari na bomba la mgongoni la lita 16. Hapimi shamba lake kwa hekta. Inabidi ajue kwamba robo ekari ni takriban sehemu ya kumi ya hekta, hivyo anahitaji gramu 250. Kwamba maji yake ni kati ya lita 50 na 100, yaani mabomba 3 hadi 6. Na kwamba akiamua kupiga mabomba 5, kila bomba litameza gramu 50. Akikosea akachukua kiwango cha bomba moja kutoka kwa jirani anayetumia maji machache, anaweza kuweka mara mbili ya kinachotakiwa; kwa anayetumia maji mengi, nusu. Nusu inazoesha ugonjwa dawa. Mara mbili inamaliza fedha na inabaki kwenye kabichi itakayoliwa Kariakoo. Na bado hatujafika kwenye gramu zenyewe: mizani hana, ana kijiko cha chai na kisoda, na kijiko cha unga wa dawa hii hakina uzito sawa na kijiko cha dawa ile. Sentensi moja isiyo na doa imembebesha hesabu nne na kifaa asicho nacho.

Mhariri aliyekaa mjini angeweza kuifikia sehemu ya hesabu hii kwa kalamu na karatasi. Asichoweza kukifikia ni jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Katika masoko yetu ya vijijini dawa nyingi haziuzwi kwa pakiti nzima. Mwenye robo ekari hataki kilo. Anataka kiasi cha mabomba yake, na muuzaji humpimia, akamfungia kwenye mfuko wa nailoni au kumtilia kwenye chupa ndogo. Jambo hilo linakatazwa na linaendelea. Mnunuzi huondoka na dawa. Lebo hubaki dukani. Hubaki na idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, hubaki na onyo la glavu, hubaki na ule mstari wa rangi unaotaja ukali wa sumu, nyekundu kwa iliyo kali kuliko zote. Kinachofika shambani ni sentensi mbili alizotamka muuzaji akipokea fedha, tena mara nyingi shambani zitarudiwa kwa Kisambaa kwa mke, kijana au kibarua atakayebeba bomba. Msomaji halisi wa lebo, basi, ni yule kijana nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo, na wengine wote ni wasikilizaji wake. Ukishaliona hilo, kazi yako hubadilika. Unaacha kuuliza mkulima ataelewaje aya ya tatu, unaanza kuuliza muuzaji atasema nini katika nusu dakika aliyonayo wateja wakiwa wamepanga foleni, na ni maneno gani yatavumilia kusimuliwa upya na watu watatu bila kupoteza namba. Maswali hayo hayaji kwa kusoma vitabu vya uhariri.

Milima hii na pwani yake zina kumbukumbu ndefu ya vijana kujifunza uandishi kwa kuufanya. Pale Kiungani, Unguja, wanafunzi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA walikuwa na gazeti lao, Msimulizi, tangu mwaka 1888. Miaka michache baadaye Magila, chini ya Usambara ya mashariki, ikaanza Habari za Mwezi, na ni mtambo wa Magila huohuo uliotoa Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewajua. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Tanga ikawa na Kiongozi. Baadaye Walutheri wakawa na mtambo wao Vuga, karibu na Soni, na kwa miongo mingi vitabu vyenye jina la Vuga Press vikasomwa mbali na milima. Sitaki kuyapamba mambo hayo. Yalikuwa magazeti na mitambo ya misheni na ya dola ya kikoloni, na nani aseme nini halikuwa jambo la kijana wa shule kuamua. Lakini yalikuwa na sifa moja tuliyoipoteza: aliyeandika aliishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa baadhi ya wasomaji wake. Habari isiyoeleweka Magila ilirudi Magila ikiulizwa. Tulipohamishia uchapishaji wote mijini tulipata mashine bora na wahariri bora zaidi, na tukaondokewa na msomaji anayebisha hodi.

Umbali huo una gharama, na mfano wake mkubwa uko jirani kabisa na Lukozi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, mwaka 1946, kisha ukapanuliwa Usambara. Wakulima waliamriwa watengeneze matuta kwenye miteremko. Kwa kipimo cha maabara hoja ilikuwa sahihi: udongo ulikuwa unaondoka. Lakini kanuni ziliandikwa kana kwamba shamba lina mtu mmoja, mwanamume, mwenye muda na ardhi ya kutosha, ilhali sehemu kubwa ya kilimo cha chakula ilikuwa mikononi mwa wanawake, kwenye vipande vidogo ambavyo haki za kuvitumia zilisukwa kwa makubaliano ya ukoo na majirani. Watu wakapinga, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kisa hicho kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wenye fikra wa vijijini Usambara, na amekionyesha kuwa mgogoro wa siasa na ardhi, si wa maneno. Nakubaliana naye, na sidai kwamba kijitabu kilichohaririwa vizuri kingeuokoa mpango ule. Pengine kingeurefusha tu, na hilo lisingekuwa jema. Ninachokichukua ni kidogo zaidi. Mtu mmoja aliyetumwa kukaa na wanawake wa Mlalo msimu mmoja, akiuliza kila amri itatekelezwa na nani, saa ngapi na kwenye shamba la nani, angeleta ofisini taarifa ambayo wataalamu walilazimika kuipata kwa ghasia. Kuuliza hivyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwandishi wa maelekezo.

Upande wa pili wa dunia lipo jambo linaloonyesha njia hiyo ikifanya kazi. Kitabu ambacho wahudumu wengi wa afya wa Afrika Mashariki wanakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari hakikuzaliwa katika chuo cha tiba. Kilitoka Ajoya, kijiji cha milimani magharibi mwa Mexico, ambako David Werner, aliyekuwa mwalimu wa baiolojia na hakuwa daktari, aliandika maelezo kwa ajili ya wahudumu wa vijijini na pamoja nao. Toleo la Kihispania lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kutoka hapo kikaenda kwenye lugha kadhaa wa kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Kilichokivusha mipaka yote hiyo ni kwamba kila ukurasa uliandikwa machoni pa mtu atakayeutumia. Nasi tuna mfano wetu wa miaka ileile. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha redio, vijitabu na vikundi vya kusomea kwa wiki 12, ikawafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kijitabu kilisomwa kwa sauti na mmoja, wengine wakajadili, kisha wakaenda kuchimba choo. Haikuanzishwa kwa ukubwa huo siku ya kwanza. Ilitanguliwa na kampeni ndogo zilizowaonyesha waandaaji nini kinafanya kazi. Wanaosema Watanzania hawasomi wangefaa kueleza ilikuwaje basi. Jibu langu ni kwamba vijitabu vile viliandikwa kwa mtu anayesomewa, na mtu anayesomewa ni yuleyule mteja wa duka la pembejeo niliyemtaja.

Nayajua mapingamizi, na la kwanza ni zito. Mwanafunzi wa Kiswahili si mtaalamu wa kilimo. Akianza kugusa maelekezo ya sumu anaweza kurahisisha mpaka akabadilisha kipimo. Hofu hii ni ya haki, na ndiyo sababu sisemi aandike lebo. Maneno ya lebo husajiliwa pamoja na dawa yenyewe, na mwenye mamlaka ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwanafunzi atengeneze kitu kidogo kinachoambatana na lebo: karatasi ya ukurasa mmoja inayobandikwa kaunta, au kadi inayotiwa kwenye mfuko pamoja na ununuzi, yenye jedwali la robo ekari, nusu ekari na ekari kwa bomba la lita 16 na la lita 20. Kila namba isainiwe na afisa kilimo kabla haijatoka. Zaidi ya hayo, asiende peke yake. Waende wawili wawili, mmoja wa lugha, mmoja wa kilimo kutoka SUA au chuo kingine, na wagombane. Mwanafunzi wa kilimo atatetea usahihi, wa lugha atamtetea msikilizaji, na karatasi itakayowaridhisha wote wawili itakuwa imefika mahali ambapo hakuna kati yao ambaye angefika akiwa peke yake. Nadhani faida ya mgongano huo kwa mwanafunzi wa kilimo ni kubwa hata kuliko kwa mwenzake, maana yeye ndiye atakayeandika ripoti na vipeperushi maisha yake yote bila mhariri karibu.

Karatasi hiyo ipimwe vipi? Si kwa kumuuliza mkulima kama ameielewa, kwa sababu kwa adabu za huku mgeni huambiwa ndiyo. Apewe karatasi, bomba tupu, ndoo za maji, mizani ndogo, na unga wa mahindi mahali pa dawa, asiguse sumu kwa ajili ya somo la mtu mwingine. Kisha aombwe atayarishe mchanganyiko wa kipande chake, na wanafunzi wanyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kijana aliyezoea kusifiwa kwa kueleza vizuri ataona mkono unasita kati ya gramu na kijiko, na kila mshipa wake utataka kusaidia. Akisaidia, jaribio limekufa, kwani karatasi itakapobaki peke yake dukani haitakuwa na wa kuisaidia. Aandike tu: hapa alisita, hapa alirudia kusoma, hapa aliruka mstari, hapa alimuuliza mwanawe. Jioni aibadilishe karatasi, kesho aijaribu kwa mtu mwingine. Wiki mbili za kazi hiyo humfundisha mhariri mambo ambayo mihula miwili ya nadharia haigusi: kwamba onyo linalokuja baada ya tendo limechelewa, kwamba sentensi yenye matendo mawili hutendwa moja, kwamba namba iliyo katikati ya aya haionekani, kwamba mchoro wa bomba la aina ambayo watu hawana hufanya wasiamini na yaliyosalia.

Pingamizi la pili ni la usimamizi na fedha. Lukozi hakuna mhariri wa kumwangalia mwanafunzi, nauli ya kwenda huko ni kubwa kuliko daladala ya kwenda Posta, na mkopo wa mafunzo kwa vitendo humfikia tu yule ambaye Bodi ya Mikopo imempa. Sehemu ya usimamizi inatatulika. Wilaya ina maafisa ugani, simu hupiga picha ya karatasi ikamfikia mhadhiri dakika hiyohiyo, na msimamizi wa lugha anaweza kupanda milimani mara moja katikati ya fildi kama ambavyo wahadhiri hufanya kwa walimu wa mazoezi. Ya fedha sitaipaka rangi. Fildi isiyolipwa huwabeba watoto wenye wazazi wenye uwezo na kuwaacha wengine, iwe Lukozi, iwe Dar es Salaam, na mpango wowote utakaowataka vijana wajilipie chumba Lushoto utapata wale ambao wangefanikiwa bila hata mpango huo. Wanaofaidika na maelekezo mazuri wapo wenye uwezo: makampuni ya pembejeo, miradi ya wafadhili inayochapa vipeperushi kwa maelfu kila mwaka, halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao. Mradi unaotenga fedha za kuchapa na hautengi za kujaribu kilichochapwa ungepunguza nakala kidogo, ukalipia chumba na nauli ya vijana wawili. Na mkulima naye asitumike bure. Saa zake za soko zina thamani, alipwe au apewe pembejeo, asikutane na wanafunzi siku anayopakia lori.

Lipo pingamizi jingine linalosemwa na wanafunzi wenyewe, nalo nalisikiliza kwa makini zaidi: kazi hii iko wapi? Matangazo ya ajira Tanzania hayatafuti mwandishi wa maandishi ya kitaalamu. Yakimtafuta, humtaka wa Kiingereza, kwa ajili ya programu za kompyuta. Ni kweli. Hata Marekani, ambako fani hii ina vitabu na shahada zake, chama chake kikubwa, Society for Technical Communication, kilichokuwapo tangu miaka ya 1950, kilifunga milango mwanzoni mwa 2025. Tena sasa mashine inaandika aya safi ya Kiswahili kabla hujamaliza kuagiza chai. Lakini tazama nini hasa kimeshuka bei. Kilichoshuka ni sentensi. Hakijashuka bei kujua kwamba lebo hubaki dukani, wala kwamba mkono ulisita kwenye gramu, kwa sababu hayo hayamo katika maandishi yoyote ambayo mashine imewahi kusoma. Vijana waliofanya kazi ya kuiswahilisha OpenOffice katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walithibitisha mapema kwamba lugha yetu inaweza kubeba kompyuta; swali ambalo kizazi cha sasa kimeachiwa ni kama yaliyoandikwa kwa lugha yetu yanafanyika. Anayeweza kuonyesha kwa ushahidi kwamba maelekezo yake yalifuatwa na watu kumi bila msaada ana bidhaa ya kuuza kwa benki, bima, hospitali na kampuni ya simu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na atakwenda kwenye usaili akiwa na karatasi ya kwanza, karatasi ya tisa, na maelezo ya kwa nini zinatofautiana.

Mahitaji nayo yanakua upande ambao wengi hawautazami. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na chuo cha kuandaa watumishi wa mahakama, IJA, kiko hapohapo Lushoto. Wito wa mahakama, fomu ya mirathi, maelezo ya dhamana: hayo yote ni maelekezo ya kutenda, kosa ndani yake humfungia mtu haki yake, na yanaweza kujaribiwa kwa njia ileile kwa watu walewale wa Lukozi siku ambayo mvua imewazuia kwenda shamba. Anayeogopa kwamba kilimo pekee kitawachosha vijana asiogope.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara za Kiswahili, mawasiliano na uchapishaji, pamoja na wenzao wa kilimo, wasingoje sera mpya. Barua ya maombi ya fildi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto, nakala kwa afisa kilimo wa wilaya, inatosha kuanzia. Pelekeni wanafunzi wanne msimu ujao wa Julai, wawili wa lugha na wawili wa kilimo, na wapangieni duka moja la pembejeo lililo tayari kuwapokea na dawa moja ya baka chelewa. Alama zao zitolewe kwa karatasi iliyojaribiwa na kusainiwa, daftari la kila siku liwe kiambatisho tu. Mkipenda matokeo, pelekeni wanane mwaka unaofuata, na safari hiyo watangulieni nyinyi wenyewe.